Mkweche Uliotakiwa Kuua

Nchi yetu ina amani. Nalisema hili mapema ili msomaji wa mbali, akifika mahali watu wanapovunjwa mikono, asije akadhani vinginevyo. Kwetu mikono huvunjwa kwa utaratibu, na anayevunjwa huelezwa sababu kwanza.

Katika nchi hiyo iko wilaya ya Mkangamo, na Mkangamo nzima ilikuwa na gari moja la serikali, la Mkuu wa Wilaya. Lilikuwa limewatumikia wakuu wengi waliotangulia. Kutu ilianzia kwenye madigadi, ikapanda milangoni, ikaingia chini ya boneti, ikatafuna sakafu, mwisho ikafika kwenye paa, na mvua ikawa inaingia bila kubisha hodi. Ukiligusa kwa kidole lilitoa unga mwekundu. Mlango wa kushoto ulifungwa kwa mnyororo, wa kulia kwa kamba ya katani, na dereva wake aliwaomba abiria wasipige chafya.

Dereva huyo aliitwa Luhende. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mzito wa kusema. Kwa kuwa alikuwa ameliendesha tangu ujana wake, watu walidhani analipenda. Hakulipenda hata kidogo. Alikuwa analiogopa, kama mtu anayefuga mbwa mzee aliyeanza kutokwa na mapovu. Mkewe, Nyamizi, aliyeuza mkaa kando ya soko, kila jioni alimpokea kwa kumgeuza huku na huku kuona kama amerudi na viungo vyake vyote.

Mkuu wa Wilaya tuliyepewa wakati huo alikuwa Mheshimiwa Dimbwi, kanali mstaafu. Alistaafu jeshi bila kuonja vita hata moja, na jambo hilo lilimuuma sana. Alikuwa na tabia ya kupiga mguu chini kila anapotaka jambo lifanyike haraka. Siku moja alikuwa njiani kwenda kijiji cha Lwanzi kufungua choo cha shule, akaona Luhende anakwenda polepole mno, akapiga mguu.

Mguu ulipita. Ulitoboa sakafu kama unavyotoboa ukoko wa ugali, ukafika barabarani, na gari lilikuwa linakwenda. Mpaka Luhende anasimamisha, barabara ilikuwa imechukua kiatu, soksi, na vidole viwili vya pembeni.

Mheshimiwa Dimbwi aliutazama mguu wake. Kisha akamtazama dereva.

"Luhende," akasema, "nani amekuruhusu kusimama?"

Akazimia. Luhende alivua shati, akamfunga jeraha, akambeba mgongoni mpaka zahanati. Kesho yake alicharazwa viboko mbele ya ofisi ya wilaya kwa kosa la kuacha sakafu ya serikali ifunguke bila maelekezo. Zahanati ilimpongeza kwa huduma ya kwanza, na mganga aliyempongeza alicharazwa pia.

*

Mheshimiwa Dimbwi alipoweza kusimama kwa fimbo, aliitisha Kamati ya Uhai na Mauti ya Vyombo vya Serikali. Swali lilikuwa moja tu: gari litengenezwe au liuzwe skrepa.

"Ndugu wajumbe," alisema, "vidole vyangu viwili vimelala katika ardhi ya Mkangamo. Havikulala bure. Vimelala vikituuliza: tuchomelee, au tutupe?"

Wajumbe walipiga makofi, kisha wakagawanyika. Nusu walitaka matengenezo, kwa kuwa gari jipya likija litataka barabara mpya. Nusu walitaka skrepa, kwa kuwa mkuu wa wilaya ya jirani alikuwa na gari lenye viyoyozi na Mkangamo ilikuwa inaonekana kama haina serikali. Walijadiliana kwa hoja, baadaye kwa viti. Mjumbe mmoja alipotolewa jino, kamati ikaona ni busara kumwita mtaalamu.

Mtaalamu alikuwa Chande, fundi wa kuchomelea. Hatukuwa na mwingine. Chande alikuwa mtu wa kupenda kuwaridhisha wateja, na kabla ya kuligusa gari aliwatazama wajumbe usoni ajue wanataka kusikia nini. Bahati mbaya aliwatazama wa upande mmoja.

"Linatengenezeka, Mheshimiwa," akasema. "Nitakata hapa, nitabandika bati pale. Litakuwa jipya."

Wajumbe wa skrepa walitoka naye nje, na askari wao. Aliporudi, mkono wa kushoto ulikuwa umening'inia kama mkono wa shati.

"Nimelitazama vizuri zaidi," Chande akasema kwa shida. "Hili ni la skrepa. Hakuna mahali pa kushikiza bati. Nikichomelea nitakuwa nachomelea hewa."

Wajumbe wa matengenezo nao walitoka naye nje, kwa kuwa haki lazima iwe sawa pande zote. Safari hii ukawa mkono wa kulia.

Aliporudishwa mara ya tatu aliulizwa neno lake la mwisho. Alisema yeye si fundi, hajawahi kuwa fundi, na gari halijui. Kwa uongo huo walimpiga pande zote mbili kwa pamoja, na huo ukawa uamuzi wa kwanza wa kamati uliopita bila kupingwa.

Hapo ndipo katibu wa kamati, Bi Eufrasia, alipoomba kusema. Alikuwa mama mnyamavu aliyejua sheria na taratibu zote za nchi yetu, na aliyezoea kuzieleza bila kunyanyua macho.

"Mwenyekiti, naikumbusha kamati kwamba fundi wa kuchomelea wilayani ni huyu mmoja, na mikono yake ndiyo ile."

Kamati ilimtazama Chande pale sakafuni. Kwa hiyo hoja ya matengenezo ikafa yenyewe, na ikaamuliwa gari liuzwe skrepa.

*

Asubuhi iliyofuata Mheshimiwa Dimbwi alipiga simu Makao Makuu. Alijibiwa na ofisa mmoja ambaye sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayekula karanga.

"Limeua?" ofisa akauliza.

"Samahani?"

"Gari lako. Limeua mtu?"

"Limechukua vidole vyangu viwili."

"Vidole si mtu. Mheshimiwa, nyie wakuu wa wilaya mmezidi. Mlikuwa mnatumbukiza magari mazima mitoni ili mpewe mapya. Ndiyo maana utaratibu ukabadilishwa: gari la serikali halifutwi mpaka lisababishe kifo cha raia. Likiua, tunajua kweli limechoka. Kama halijaua, bado zima. Liendesheni."

Akakata simu. Msomaji asiwe mwepesi wa kulaumu. Wakubwa waliweka sharti hilo kwa nia njema kabisa. Waliamini hakuna mkuu wa wilaya atakayekubali mtu afe kwa ajili ya kubadilishiwa gari. Waliamini hivyo kwa sababu hawakuwa wakisafiri mikoani.

Mheshimiwa Dimbwi aliwaza mpaka chai ikapoa. Hakuwa mtu mbaya. Wazo lake la kwanza lilikuwa kutafuta mtu aliyekwisha kufa.

Kule Lwanzi alikuwa amefariki Mzee Kasanzu, kwa uzee tu, kitandani kwake. Msafara wa mazishi ulikuwa unatoka nyumbani wakati gari la serikali lilipofika, na askari nyuma yake kwa miguu. Mheshimiwa Dimbwi alishuka kwa fimbo, akavua kofia, akatoa pole.

"Tunamwazima kidogo tu," aliwaambia wafiwa. "Tutamlaza mbele ya tairi, gari litampitia, tutapiga picha, kisha mtaendelea kumzika. Na ubani tutatoa."

Binti mkubwa wa marehemu, mwanamke wa makamo aliyejifunga kanga kiunoni, alisogea mbele ya jeneza.

"Baba yangu amekufa vizuri," alisema. "Hatakufa tena."

"Mama, hili ni suala la maendeleo."

"Nimekusikia. Hatakufa tena."

Askari walilishika jeneza upande wa miguu, wafiwa wakalishika upande wa kichwa. Walivutana. Jeneza likapasuka, na mzee akaanguka vumbini na sanda yake mbele ya wajukuu. Hapo jiwe likarushwa, nalo likamkuta askari mmoja kwenye meno, na wenzake wakafyatua risasi. Moshi ulipotulia, mpwa wa marehemu alikuwa amelala juu ya mjomba wake kana kwamba anamkinga jua, na tumbo lake limefunguka. Nyuma ya nyumba, mama mmoja aliyekuwa anaosha masufuria, ambaye hata hakujua kuna ugomvi, alikuwa ameinamia sufuria lake na maji yamegeuka rangi.

Mheshimiwa Dimbwi alisikitika kwa dhati.

"Bi Eufrasia," aliuliza alipofika ofisini, "hawa wawili hatuwezi kuwahesabu?"

"Hapana, Mheshimiwa. Hao ni wa risasi. Wa risasi wana kamati yao."

*

Basi ikabidi apatikane mtu hai. Kamati ilikaa, na safari hii hakukuwa na ugomvi. Walitafuta raia aliye karibu na gari, asiye na ndugu serikalini, na mwenye tabia ya utii. Luhende aliitwa ndani akiwa bado ana kitambaa cha kufutia kioo mkononi.

"Luhende," Mheshimiwa Dimbwi alisema kwa upole ambao hajawahi kumwonyesha, "umelitumikia gari hili ujana wako wote. Taifa limekutazama. Taifa limeridhika. Taifa sasa linakuomba ufe."

Luhende alidhani hajasikia vizuri, akaomba aelezwe tena. Akaelezwa tena. Jumamosi, saa nne asubuhi, atafungwa kwenye kiti chake, gari litasukumwa kutoka juu ya mteremko wa Mawe Saba, breki hazipo, na chini kuna mwamba. Mazishi yatakuwa ya serikali. Shule ya Lwanzi, ile yenye choo, itapewa jina lake.

"Mheshimiwa, mimi nina mke," alisema Luhende.

"Tutamtaja kwenye hotuba."

"Na nikikataa?"

Mkuu wa Wilaya aliwatazama wajumbe, kama mtu aliyeulizwa swali la lugha ngeni. Bi Eufrasia ndiye aliyejibu, macho yake yakiwa kwenye meza.

"Ukikataa utapigwa risasi, Luhende. Halafu itabidi tutafute mwingine."

Alirudi nyumbani akiongozana na askari wawili waliokaa mlangoni. Nyamizi alimgeuza huku na huku kama kawaida, hakuona jeraha, akafurahi. Luhende akakaa juu ya gunia la mkaa, akamwambia.

Nyamizi hakulia. Aliuliza, "Baba Shija, umewaambia ndiyo?"

"Sikusema ndiyo. Sikusema hapana."

"Miaka yote nakwambia, acha kazi ile. Unaniambia gari limezeeka, litakufa lenyewe."

"Sikujua kwamba litanisubiri."

Binti yao Shija alikuwa ameolewa mbali, na hapakuwa na mtu wa kumtuma. Nyamizi alitazama askari waliokaa mlangoni, na bunduki zao, akaona ukuta wa nyuma hauna hata dirisha. Alichukua mkono wa mumewe akauweka mapajani pake, akaanza kumtoa uchafu wa kutu chini ya kucha, kucha moja moja, kwa kijiti, kama anayemwandaa kwenda harusini.

"Mama Shija, naogopa," akasema Luhende.

"Najua," akasema mkewe. "Leta mkono ule mwingine."

Ijumaa Nyamizi alikwenda ofisi ya wilaya. Mheshimiwa Dimbwi alimpokea, akamkaribisha kiti, akamwagizia soda.

"Nimekuja kuomba mume wangu," Nyamizi alisema.

"Mama, mume wako si wako tena, ni wa historia."

"Basi nami nifungwe humo humo. Nife naye."

Mheshimiwa Dimbwi alinyanyua uso. Alimwita Bi Eufrasia, akamuuliza kama wakifa wawili wilaya inaweza kuomba magari mawili. Bi Eufrasia alisema utaratibu hauruhusu. Mheshimiwa akamgeukia Nyamizi akiwa na huzuni ya kweli.

"Nimejaribu, mama," akasema. "Kunywa soda yako."

*

Jumamosi jua lilikuwa kali. Watu wa mjini waliamriwa kuhudhuria, na wa Lwanzi walikuja bila kuamriwa, wamevaa bado nguo za msiba. Kulikuwa na bendi ya shule. Chande alikuwepo, mikono yote miwili imefungwa kwenye vipande vya mbao. Nyamizi alizuiwa na kamba chini ya mteremko, karibu na mwamba, mahali palipotengwa kwa ajili ya familia.

Luhende alifungwa kwenye kiti kwa kamba mpya ya katani. Hakupigana. Mheshimiwa Dimbwi alitoa hotuba ndefu kuhusu moyo wa kujitolea, akawataka vijana waige mfano huu, kisha akateremka kwa fimbo mpaka chini apate kuona vizuri. Filimbi ikapigwa. Askari wakasukuma.

Gari lilianza polepole, likaongeza mwendo, likawa linayumba na kupiga kelele kama mabati yanayoburutwa. Halafu, katikati ya mteremko, sakafu iliyokwisha kumeza vidole vya Mheshimiwa ikaamua kuachia kila kitu. Kiti kilidondoka. Kilidondoka kizima, na Luhende juu yake, barabarani, na gari likampita kwa juu likaendelea na safari bila dereva. Yeye aliserereka nyuma yake juu ya changarawe, amefungwa, hana hata mkono wa kujikinga, mpaka alipogota chini. Gari lilikwenda likapiga mwamba. Halikulipuka. Lilisambaa, kila kipande kikaenda kivyake, na vumbi jekundu likapanda juu likafunika jua.

Palipotulia, watu walisikia mtu anapiga kelele. Luhende alikuwa hai. Ngozi ya mgongo na ya miguu ilikuwa imebaki mteremkoni, na mfupa wa nyonga ulikuwa umetoka nje, lakini alikuwa hai, anamwita mama Shija.

Mheshimiwa Dimbwi alikasirika kwa mara ya kwanza siku hiyo. Aliwaamuru askari waweke bunduki chini na kukusanya vipande vya gari haraka.

"Leteni bampa," alisema. "Leteni milango. Bi Eufrasia, andika: mtu akiuawa na kipande cha gari, ameuawa na gari."

"Huo ni uamuzi wa mwenyekiti?"

"Ni uamuzi wa mwenyekiti."

Bi Eufrasia akaandika. Askari walizunguka mwamba wakiokota, mmoja na boneti kichwani, mwingine amekumbatia radieta, mikono yao imejaa. Mheshimiwa Dimbwi alitupa fimbo, akapokea bampa kwa mikono miwili, akachechemea mpaka aliposimama juu ya Luhende, akainyanyua.

Nyamizi alikuwa amekwisha kuruka kamba. Mlango wa kulia ulikuwa umetua miguuni pake, na alikuwa mwanamke wa kubeba magunia. Alimpiga nao ubavuni kabla bampa haijashuka. Mheshimiwa Dimbwi alianguka kwa magoti, akageuka kumtazama, na alionekana anashangaa zaidi ya kuumia.

"Mama," alisema, "hujaitwa."

Nyamizi akampiga tena, kwa ukingo wa mlango, mahali kutu ilipochonga chuma kikawa kama msumeno, na taya likahama. Kisha watu wa Lwanzi wakafika. Binti wa Mzee Kasanzu aliokota jeki. Wengine walichukua vioo, spana, kipande cha ekzosi, kila mtu alichokikuta. Hakuna aliyepiga kelele. Ilisikika sauti ya chuma tu, kama gereji siku yenye kazi nyingi. Chande hakuweza kushika kitu, akawa anapiga teke. Askari walisimama na vipande vyao mikononi, wanatazama, mpaka mmoja wao alipokiweka chini cha kwake taratibu, mahali ambapo mtu aliyekihitaji angeweza kukifikia.

Walipoacha, hakukuwa na uso wa kumtambua mtu. Nyamizi alikuwa amekaa chini karibu na mumewe. Alikuwa bado ameshika kitasa cha mlango, na mlango wenyewe haukuwepo tena. Ilibidi wanawake wawili wamfungue vidole kimoja kimoja. Ndipo alipoanza kulia, na kuuliza kama Luhende anapumua.

*

Jumatatu Bi Eufrasia alipiga simu Makao Makuu. Nilikuwepo, kwa hiyo naweza kuapa kwamba hakusema uongo hata neno moja.

"Gari letu limeua," alisema.

"Hongereni. Limemuua nani?"

"Mkuu wa Wilaya."

Ofisa aliacha kutafuna. "Limemuua gari lenyewe?"

"Kwa mujibu wa uamuzi wa mwenyekiti wa kamati, marehemu Mheshimiwa Dimbwi mwenyewe, aliuawa na gari. Vipande vingi vya gari."

Kisha ofisa akasema kwamba ukubwa wa gari jipya hutegemea cheo cha marehemu, kwa hiyo Mkangamo itapata kubwa. Hakuuliza jambo jingine, na hakuna aliyekuja kuuliza. Watu wa Lwanzi walimaliza mazishi yao, makaburi matatu kwa mstari.

Habari hizi zilienea nchi nzima haraka kuliko tangazo lolote la serikali. Na hapo likapatikana jibu la swali lililokuwa limetusumbua sote, kama gari lililokwisha kuliwa na kutu litengenezwe au litupwe. Wakuu wa wilaya wote, bila kikao, waliamua kutengeneza.

Luhende hakupona vizuri. Miezi iliyofuata Nyamizi alikuwa akimpeleka hospitali ya wilaya ya jirani kwenye mkokoteni wa mkaa, amemtandikia godoro, na yeye mwenyewe ndiye aliyeukokota. Siku moja walipita mbele ya ofisi ya Mkuu wa Wilaya wa huko, yule wa viyoyozi. Mheshimiwa alikuwa amelala chini ya gari lake, suti imejaa grisi, ana kipande cha msasa, anasugua. Watu kadhaa walikuwa wamesimama kando wakimtazama.

Aliona magurudumu ya mkokoteni yamesimama, akatoka chini ya gari. Alipojulishwa hawa ni wa Mkangamo, alifuta mikono kwenye suruali, akainama.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba," alijibu Nyamizi.

Alisogea, akalizunguka gari lote polepole, akabonyeza mlango wa nyuma kwa kidole gumba. Luhende alimwita kutoka mkokotenini waondoke, mgongo unamuuma.

"Nakuja, Baba Shija," alisema Nyamizi. Akafuta kidole chake kwenye kanga, akamgeukia Mheshimiwa. "Hapa bado."

Mheshimiwa akapiga magoti, akaanza kusugua pale alipoonyeshwa.